Shaba hana deni

Wengi mmeniuliza kwa nini sikuchukua mtoto wa mbwa. Walikuwapo. Siku niliyokwenda kwenye kituo cha mbwa waliookolewa nilikuta watoto wa tumbo moja wanarukiana na kung'atana masikio, na watu wamewazunguka. Nikawapita. Nilikuwa nimeshaamua tangu nyumbani kwamba nataka mbwa mzima, maana hao ndio wanaobaki. Watoto hupata watu upesi, wazima hungoja, na wazee hungoja zaidi.

Shaba alikuwa peke yake kwenye banda la upande wa nyuma. Jike, rangi ya shaba iliyofifia, sikio moja limesimama na jingine limelala. Majirani zake walikuja kwenye wavu wakibweka. Yeye aliganda konani, ubavu umegusa ukuta, mkia ameufyata mpaka tumboni. Mhudumu alinieleza kwamba aliokotwa mtaani akiwa na upele mwili mzima. Manyoya yalikuwa yamerudi, isipokuwa kwenye viwiko, ambako ngozi ilikuwa bado ngumu na nyeusi.

Nilipochuchumaa hakuniangalia. Alilamba pua, akapiga mwayo, akageuza uso huku weupe wa jicho ukionekana pembeni. Mtu asiyewajua mbwa angedhani ana usingizi, au ana kiburi. Kumbe mbwa mwenye wasiwasi husema hivyo hivyo: hulamba pua wala hakuna chakula, hupiga mwayo wala hajachoka, huinua mguu mmoja wa mbele na kuuacha hewani. Anaomba usimsogelee. Basi nikakaa chini sakafuni, nikampa ubavu, mikono nikaiweka mapajani. Tukakaa. Mwishowe alinyoosha shingo, miguu ya nyuma ikiwa bado palepale ilipokuwa, akanusa soli ya kiatu changu kwa muda mrefu sana. Nikamwambia mhudumu aniletee fomu.

Kituo kilikuwa kimeshafanya kazi kubwa kabla yangu. Alikuwa amepewa dawa ya minyoo, amefungwa kizazi, amechanjwa kichaa cha mbwa, pamoja na distempa na parvo, magonjwa mawili ya virusi yanayoua mbwa. Nawasihi msione haya ni makaratasi tu. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, hadi asilimia 99 ya watu wanaopata kichaa cha mbwa huambukizwa na mbwa, na dalili zikishaanza, kupona ni nadra mno. Kinga yake ni sindano. Kuhusu kizazi, jike hubeba mimba kwa siku 63 hivi na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Hesabu wenyewe ni watoto wangapi wanaishia barabarani. Na parvo ina ubaya wake: virusi vyake huweza kudumu kwenye udongo kwa miezi mingi. Kama uani kwako alikufa mbwa kwa ugonjwa huo, usilete mtoto ambaye chanjo zake hazijakamilika. Mbwa mzima aliyechanjwa vizuri yuko salama zaidi hapo.

Daktari wa mifugo alimfungua mdomo akakisia miaka minne hadi sita. Ni makisio tu. Meno yote 42 ya mbwa huwa yameota kufikia miezi saba hivi, na baada ya hapo kinachoangaliwa ni yamelika kiasi gani na yana ukoko kiasi gani.

Nyumbani aliingia chini ya meza, akahamia huko. Watu wa mbwa wana kanuni yao: siku tatu za kupoa, wiki tatu za kuzoea ratiba ya nyumba, miezi mitatu ya kujiona yuko kwake. Si sheria, na kwa Shaba muda ulivuka hapo, lakini ilinisaidia kutulia. Nilimwekea tandiko na maji karibu na meza, nikawaomba marafiki wasije kwanza. Mama yangu, ambaye anampenda kila kiumbe, alijaribu kumwita siku ya kwanza, akajaribu tena, kisha akaumia moyoni.

"Mbona huyu mbwa hana shukrani? Umemtoa kule, unamlisha, hata kukutazama hataki."

Nikamwambia, "Mama, hana deni."

Naamini hivyo kabisa. Tunapochukua mbwa wa namna hii tunakuja na matarajio kwamba atajua ameokolewa, atatulamba mikono, mambo yatakuwa mazuri kuanzia mlangoni. Yeye anachojua ni kwamba amehamishwa tena, harufu zote ni ngeni, na kuna mtu anamkodolea macho. Zawadi kubwa ya kumpa ni kutomdai kitu.

Ugumu wenyewe ulikuwa ufagio. Mtu akiuinua tu, Shaba analala kifudifudi na mkojo unamtoka. Sijui alifanywa nini, na sitaki kukisia. Hapo kumkaripia ni kumthibitishia hofu yake. Niliulaza ufagio sakafuni, mbali, nikaweka vipande vya nyama kati yake na ufagio, nikaondoka zangu. Alipoanza kula bila kukimbia, vipande vikasogea. Baadaye ufagio ukaegemea ukuta. Baadaye nikaushika bila kufagia. Ni kazi ya polepole, na akirudi nyuma nawe unarudi naye. Leo nafagia na yeye amelala sebuleni. Akinifungulia jicho moja, natosheka.

Wapo walionitupia ile ya samaki mkunje angali mbichi. Kuna ukweli ndani yake: kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi mtoto wa mbwa hujifunza kwa wepesi ni nini cha kawaida duniani, na aliyekosa kipindi hicho huweza kubaki na hofu fulani maisha yote. Ila kujifunza hakukomi hapo. Shaba amejua kukaa, kungoja mlangoni, kutembea na kamba ikiwa imelegea. Isitoshe, ukichukua mbwa mzima unamwona alivyo: umbo lake, nguvu zake, tabia yake.

Jambo moja msilifanye, nawaomba: msimchape mbwa kwa kunguruma. Kunguruma ni onyo. Ukimfundisha kunyamaza, hujamwondolea hofu, umeondoa onyo tu, na safari nyingine atauma moja kwa moja.

Anayekwenda kituoni wiki hii amuulize mhudumu: mbwa huyu anafanya nini mtu akipita karibu naye wakati anakula? Akibaki peke yake? Amewahi kuishi na paka au watoto? Chanjo zinarudiwa lini? Kisha nenda na mshipi wa kifua pamoja na kola, kila kimoja na kamba yake, kwa sababu mbwa aliyeogopa hurudi kinyumenyume na kuchomoa kichwa kwenye kola kwa sekunde moja. Usimfungue garini, wala getini. Mfungue ukiwa ndani na mlango umefungwa.