Geti nalipiga mara tatu

Jumapili usiku. Julai ya Kibosho ndiyo hii, ukungu umelala kwenye migomba tangu asubuhi na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, hatujaiona siku ya nne sasa. Waache amejikunja juu ya sweta nililomnunulia mtumbani, soko la Memorial. Muuzaji aliuliza ni la nani, nikamwambia la mbwa. Alicheka mpaka akanipunguzia bei.

Jina alipewa na mama. Wengine hupeleka ujumbe kwa kanga, yeye aliupeleka kwa mbwa. Baba alipofariki yalisemwa mengi juu ya mwanamke kubaki peke yake na kihamba kizima, shamba la ukoo, na mama hakugombana na mtu. Jioni alikuwa anatoka uani na sufuria la makombo, anaita kwa sauti ya kufika ng'ambo ya mfereji: "Waache! Waacheee!" Mbwa anakuja mbio, na ng'ambo wameshasikia.

Aliletwa Krismasi ya 2012 ndani ya boksi la sabuni, kwa hiyo ana miaka 12 na nusu. Kwa mbwa aliyelala nje na kula ugali wa dona na utumbo wa buchani, huyo ni babu. Macho yameingia utando wa bluu. Nyonga ndiyo imemmaliza. Asubuhi anaanza kuinua miguu ya mbele, kisha anabaki ameketi hivyo, kama mzee kwenye benchi la zahanati anayesubiri jina lake. Simsaidii. Nilijaribu siku moja akanitazama vibaya. Basi nasimama jikoni na kikombe changu, najifanya naangalia mambo mengine, mpaka nisikie kucha zake kwenye sakafu.

Mwezi uliopita nilikaribia kumuua. Usiku alikuwa analia, kile kilio chembamba cha puani, na mimi droo yangu ina diklofenaki ya mgongo. Nikavunja nusu, nikaificha kwenye kipande cha ini. Sijui nini kilinizuia. Nikampigia kwanza daktari wa mifugo anayetibu ng'ombe wetu, saa nne ya usiku, nikiomba radhi. "Usithubutu!" Akanieleza kwamba dawa hizi za maumivu tunazomeza sisi, diklofenaki na ibuprofeni, kwa mbwa zinatoboa tumbo na kuua figo, na hata nusu kidonge si kitu cha kujaribu. Ini nikalifukia shambani, nikaweka na jiwe juu.

Kesho yake akataka uzito. Nilimbeba mpaka duka la nafaka, nikapanda naye mizani ya mahindi: kilo 88. Nikamshusha nikapanda peke yangu: 69. Mwenye duka akapiga hesabu kwa sauti, "Kumi na tisa, bei ya leo hii huyo hana faida!" Nilicheka naye. Njiani nikawa nakumbuka enzi ambazo nisingeweza kumbeba hata mpaka getini. Sasa ana vidonge vyake vya mbwa, vinavyopimwa kwa kilo, na lazima ale kwanza. Daktari hakunificha: gegedu lililosagika halirudi, tunachopunguza ni maumivu tu. Kuhusu sindano ile nyingine alisema nitajua siku yake, na sikumuuliza nitajuaje.

Baba mdogo alipopita wiki iliyofuata alimwangalia, akaniangalia na mimi. "Mbwa asiyesikia mwizi unamfugia nini?" Ni mkubwa wangu, nikamkaribisha chai. Mama angekuwepo angetoka tu uani akaita jina la mbwa.

Ila kuhusu masikio amesema kweli. Zamani Waache alikuwa anaijua pikipiki yangu tangu inapoacha lami. Majirani waliniambia hivyo, kwamba dakika mbili kabla sijafika yeye yuko getini amesimama. Siku hizi hasikii kabisa. Mara ya kwanza nilipoingia na kumkuta amelala, nikamgusa, alishtuka, akanusa suruali yangu, halafu akaenda nyuma ya banda la ng'ombe na hakutoka mpaka giza. Kama alikuwa na aibu au la, mimi simsemei. Lakini chakula hakugusa.

Tangu hapo geti nalipiga. Ni la bati, na nguzo yake imesimikwa kwenye saruji ileile ya baraza anapolala. Nalipiga kwa ngumi mara tatu, nasimama nje, nahesabu. Mtetemo unamfikia. Anainuka kwa zamu zake, mbele, pumziko, nyuma, anakuja anabweka, na mimi ndipo nafungua kama mtu ninayefika sasa hivi. Wapita njia wanadhani nimefungiwa nje na mke. Sina mke.

Leo nimerudi kutoka mjini saa moja. Nikapiga mara tatu, kimya. Nikapiga tena. Nikaingia polepole, moyo unanienda mbio. Alikuwa kwenye sweta lake amelala fofofo, miguu yote minne inatikisika, anakimbiza kitu huko alikokuwa, na nyonga haimsumbui hata kidogo. Nilimsubiri mpaka miguu ikatulia.

Kisha nikatoka nje tena, nikalifunga geti, nikalipiga kwa teke. Akaja. Akaninusa, akanipita, akasimama katikati ya njia, akabwekea giza lililokuwa nyuma yangu.