Chuo binafsi Marekani kwa mafao ya jeshi: pigeni hesabu kabla ya kulipa

Kijana wa Tabata au Mbagala akipata Green Card na kuingia jeshi la Marekani, nyumbani habari inayoenea ni kwamba atasomeshwa chuo chochote bure. Kwa chuo cha umma hilo lina ukweli mkubwa: mwenye mafao kamili ya Post-9/11 GI Bill, mpango wa serikali ya Marekani wa kuwasomesha waliotumikia jeshi, hulipiwa ada yote anayotozwa mkazi wa jimbo. Chuo binafsi kina ukomo wake, na hapo ndipo madeni yanapozaliwa.

Kwa mwaka wa masomo ulioanza Agosti 1, 2025, ukomo ni dola 29,920.95. Tuseme ada ni dola 48,000. Zinabaki 18,079.05. Pengo hilo linaweza kuzibwa na mpango wa Yellow Ribbon: chuo kinasamehe kiasi fulani, na Idara ya Maveterani, yaani VA, inaongeza kiasi kilekile. Chuo kikitoa 5,000, VA nayo inatoa 5,000, na mwanafunzi bado anadaiwa 8,079.05. Pengo halifutiki mpaka chuo kitoe nusu yake, 9,039.53. Kwa hiyo kuona jina la chuo kwenye orodha ya Yellow Ribbon hakutoshi. Someni kinatoa kiasi gani, kwa wanafunzi wangapi, na kwa shahada ipi, maana chuo hichohicho kinaweza kuwa mkarimu kwa shahada ya kwanza na kubana kwa sheria au udaktari. Nafasi zikiwa na idadi, anayewahi ndiye anayepata.

Linaloumiza kuliko yote ni asilimia. Yellow Ribbon ni ya mwenye stahiki ya 100% tu, na kwa kawaida hiyo hupatikana kwa miezi 36 ya utumishi hai, yaani wa jeshini muda wote. Aliyetoka na miezi 35 ana 90%: VA inamlipia 26,928.86, Yellow Ribbon haipati, na kwa ada ileile anadaiwa dola 21,071.14. Ni mwezi mmoja tu huo! Kama kijana wenu bado yuko kambini na anahesabu siku za kutoka, mpigieni simu leo.

Mafao yanaweza kuhamishiwa mwenzi wa ndoa au watoto. Mdogo wake, mpwa wake au binamu hawamo, hata kama yeye ndiye anayewasomesha wote. Uhamisho unafanywa akiwa bado jeshini, ametumikia angalau miaka 6 na kukubali kuongeza 4. Mtoto lazima awe amesajiliwa kwenye DEERS, mfumo wa jeshi wa kuandikisha askari na familia zao, kwa hiyo cheti cha kuzaliwa cha RITA na pasipoti visome jina moja, herufi kwa herufi. Mohamed huku na Muhammad kule ni kujitafutia usumbufu.

Maombi ni fomu 22-1990, au 22-1990e kwa aliyehamishiwa. VA ikishatoa cheti cha stahiki, kipelekwe kwa afisa wa chuo anayethibitisha usajili wa wanafunzi wa mafao haya.

Ada huenda chuoni moja kwa moja. Mwenye 100% hupata mpaka dola 1,000 za vitabu kwa mwaka, pamoja na posho ya makazi inayolipwa mwezi ukishaisha, kwa hiyo kodi ya mwezi wa kwanza iwe tayari mfukoni. Likizo kati ya mihula haina posho. Pale ambapo krediti 12 (vipimo vya uzito wa masomo ya muhula) ndiyo masomo kamili, mwenye 6 hapati posho kabisa, kwa sababu sharti ni kuzidi nusu. Mwenye 7 anahesabiwa 60% ya posho. Anayesoma kwa intaneti pekee, posho yake inapigwa kwa nusu ya wastani wa taifa.

Chuo kikimpa ufadhili mwingine, someni barua yake neno kwa neno. Ikisema fedha ni za ada pekee, VA inazikata kwenye malipo yake. Ombeni mapema iandikwe kwamba zinaweza kutumika pia kwa chakula na malazi.