Eti watoto wa mwaloni hawafundishiki

Mwaloni ni pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki. Mwalimu wa mpwa wangu kaniambia bila hata kupepesa macho: "Hawa wa mwaloni tusidanganyane, kwao hata gazeti hakuna." Mama wa mtoto, dada yangu, anaanika dagaa Kirumba, Mwanza, basi mtoto kawekwa dawati la nyuma, zamu ya kusoma kwa sauti inamruka kila siku, halafu ripoti inasema hajui kusoma. Darasa la pili huyo! Jioni ndiye anayemsomea dada meseji za wateja: "Mama, anataka debe mbili, hela kesho." Majina ya mitumbwi nayo anayasoma yote, hata yaliyobanduka rangi. Mwaka 1968 watafiti Rosenthal na Jacobson, huko Marekani, walionyesha matarajio ya mwalimu yanaweza kumwinua mtoto. Na kumshusha je? Jumatatu mimi na dada tunaenda kwa mwalimu mkuu. Simu yenye meseji tunabeba.