Madaftari 23, kosa moja

Saba mara nane ni 56. Lakini jioni moja ya Machi, nikisahihisha madaftari ya Kidato cha Pili kwa taa ya sola, nilikuta mtu kaandika 54. Nikaweka mkasi, yaani alama ya kosa, nikaendelea. Daftari la tatu, 54. La saba, 54. Rundo lilipoisha nilikuwa nimehesabu madaftari 23 yaliyokosea mstari uleule, na hatua zote za juu yake ziko sawa.

Nafundisha hisabati katika shule ya kata, Dodoma vijijini. Mikondo mitatu, kila mmoja una wanafunzi sitini na ushee. Siku hizo nilikuwa natoa maswali kumi ya kufanyia nyumbani kila kipindi, na asiyefanya alikwenda kuchota maji ya bustani. Alama za maswali hayo niliziingiza kwenye rekodi pamoja na za majaribio. Ukisoma rekodi yangu ungenipongeza: wengi wana B, yaani 65 na kuendelea. Ukija mtihani wa muhula, haohao wanashuka chini ya 30, ambayo ni F. Nilikuwa nasema hawajisomei. Ukiwa umeshika kalamu nyekundu, kusema hivyo hakugharimu kitu.

Kesho yake niliwahi, saa kumi na mbili na nusu nimefika. Nyuma ya darasa walikuwa wamechuchumaa kama kumi na watano, daftari moja limewekwa katikati, wanadesa. Mwenye daftari kakaa pembeni anakula andazi. Baadaye nikaja kujua kwamba hiyo ndiyo bei: kazi moja andazi moja, milinganyo ya kwadratiki mawili.

Sikumtuma mtu maji siku hiyo. Niliwauliza tu kwa nini. Kimya, mpaka binti mmoja aliponijibu bila kuniangalia: "Mwalimu, nafika nyumbani saa kumi na moja. Nachota maji, napika, tukishakula kibatari kinazimwa. Nifanye saa ngapi? Na jana Fizikia, Baiolojia na Jiografia nao walitoa."

Hilo la masomo mengine sikuwahi kuliwaza. Kila mmoja wetu alikuwa anatoa kazi kana kwamba shule nzima ina somo moja.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuondoa alama kwenye kazi ya nyumbani. Hapa nilisita kidogo. Katika matokeo ya Kidato cha Nne, alama za maendeleo ya shuleni zina uzito wa 30 na mtihani wa taifa wa NECTA 70, kwa hiyo walimu tumezoea kuona kila kinachoandikwa lazima kipewe namba. Lakini namba zangu zilikuwa zinapima nani anamjua mwenye daftari, na nani ana andazi.

Maswali nikayapunguza kutoka kumi hadi matatu: mawili ya mada ya siku hiyo, moja la mada ya zamani. Kipindi kinachofuata, dakika kumi za mwanzo, madaftari yanafungwa, nagawa nusu karatasi na kuandika ubaoni swali moja kati ya yale matatu, namba zimebadilishwa. Hilo ndilo lenye alama. Mkondo mzima nausahihisha kwa nusu saa, nami nikapata jioni zangu.

Mara ya kwanza, katika wanafunzi 64 walipata 11. Yule wa maandazi alikosa. Nilipoitazama karatasi yake vizuri, njia yake ilikuwa safi kuliko zote, ila mwishoni kaandika tena saba mara nane ni 54. Kijana anaweza kwadratiki, jedwali la kuzidisha hana, na mimi miezi yote ile nilikuwa nampigia mkasi tu bila kuuliza.

Nusu karatasi zilinionyesha jambo jingine. Swali la maneno waliliacha wazi karibu wote, ingawa nikilisema kwa Kiswahili wananyoosha mikono. Hesabu walikuwa wanaiweza. Kilichowashinda ni Kiingereza cha swali. Sasa nawataka waandike kwanza mstari mmoja wa Kiswahili: swali linataka nini. Wasioelewa naanza nao hapo.

Mwalimu wa taaluma aliniita. "Mwalimu, rekodi zako zimeanguka ghafla. Mdhibiti ubora akija tutamwambia nini?" Nikamwekea mezani safu mbili, alama za kazi za nyumbani na za mtihani wa muhula, majina yaleyale. Akazisoma kwa muda mrefu, kisha akasema tupeleke kwenye kikao. Kikao kilichukua saa mbili na nusu, tukigawana siku za kutoa kazi za nyumbani, nusu yake ikiwa malumbano ya nani apewe Ijumaa. Alipewa mwalimu wa Kiswahili, kwa sababu insha inahitaji mapumziko ya wiki. Siku nyingine kazi inatoka kwa masomo mawili, basi. Na darasa moja linabaki wazi baada ya saa tisa kwa wasio na taa nyumbani.

Kwenye mkutano wa wazazi mzee mmoja alisimama: "Kwa hiyo mwalimu umewapunguzia kazi? Sisi tunataka wakeshe wanasoma." Mama mmoja nyuma akamjibu, "Wakeshe kwa mafuta ya nani?" Watu wakacheka, lakini mzee hakukubali, na mvua zilipokolea shamba lilishinda kama kawaida.

Muhula ulipoisha, F katika mkondo A zilishuka kutoka 41 hadi 29. Bado ni nyingi. Na mkondo C, ambao wana kipindi changu mchana, wameshang'amua kwamba swali la nusu karatasi ni lilelile walilopewa A asubuhi. Wiki hii nimeanza kuwaandalia la kwao.