Nilivyomchagulia binti yangu vitabu vyake vya kwanza vya sura

Mtoto akishamaliza vile vitabu vyembamba vya picha kila ukurasa halafu anaanza kukuuliza "mama kingine kiko wapi", ujue hapo ndo kazi inaanza. Kitabu cha picha kikimchosha anachukua kingine maisha yanaendelea, ila kitabu cha sura, yaani kile kirefu kilichogawanywa Sura ya Kwanza, Sura ya Pili, kikimshinda anakiweka chini na saa ingine anajiweka na yeye mwenyewe kwenye kundi la "mi sipendi kusoma", na kumtoa huko ni shughuli. Binti yangu yuko darasa la tatu, shule ya kayumba, yaani ya serikali, huku Tabata, Dar es Salaam, na mwaka huu amevuka, anasoma vitabu vya sura mwenyewe kimya kimya bila mimi kukaa pembeni. Wazazi wenzangu wameniuliza sana nilikuwa navichaguaje, nikaona niandike yote kwa pamoja.

Nianze na kitu ambacho naona wengi tunakipita. Kiswahili kinasomeka kama kilivyoandikwa. Mtoto akishazijua silabi, kuanzia ba be bi bo bu mpaka kwenye mbwa, ng'ombe na nywele, huyo anaweza kukusomea chochote utakachompa, hata gazeti, hata ile karatasi ya maelekezo iliyomo kwenye boksi la dawa, hakwami popote na wewe mzazi unaona kabisa huyu kaiva. Lakini kutamka na kuelewa ni vitu viwili. Kuna ile njia ya vidole vitano, mtoto anafungua ukurasa wowote wa katikati anasoma, kila neno linalomshinda anakunja kidole, vitano vikiisha basi hicho kitabu bado hakijawa chake. Njia nzuri sana, na kwa Kiingereza inafanya kazi vizuri zaidi kwa sababu neno likimshinda utamsikia anavyohangaika nalo. Kwa Kiswahili binti yangu angekusomea kitabu cha kidato cha nne na hajakunja hata kidole. Kwa hiyo mi nikaigeuza: anasoma ukurasa mmoja kimya, anafunga kitabu, ananihadithia nani walikuwepo, kimetokea nini, anadhani kitafuata nini, halafu tunafungua tena namuonyesha maneno mawili matatu namuuliza hapa wanamaanisha nini.

Mfano. Tulikuwa Posta kwa wale kaka wanaotandaza vitabu vilivyotumika pembeni ya barabara, kashika kimoja kina kava zuri la mtoto na simba, muuzaji anasema "dada hicho kikali, buku tatu tu, mchukulie mtoto". Nikamfungulia ukurasa wa katikati, akasoma, akafunga, akaniambia kulikuwa na mzee anaangua, labda maembe, halafu kuna kijana kapigwa. Tukafungua. Kilichoandikwa ni mzee akaangua kicheko na kijana akapigwa na butwaa! Yaani kasoma kila herufi sawasawa, ila hadithi iliyomuingia kichwani ina maembe na ugomvi, iliyoandikwa ina mtu anacheka na mwingine kashangaa. Semi mbili kwenye ukurasa sio tatizo, ndo anavyojifunza, nilimuelekeza pale pale na akazipenda, ila kugeuza kurasa zinazofuata nikakuta zimejaa misemo na methali kila mstari, hapo mtoto atasoma kitabu kizima na hatajua kimehusu nini. Tukamshukuru yule kaka tukakirudisha, nikamwambia hiki tutakifuata ukifika la tano.

Kitu kingine ambacho nimekisimamia na bado nakisimamia: kitabu cha kwanza cha sura kiwe rahisi kuliko kitabu cha mwisho cha picha alichosoma. Najua inaonekana kama unamrudisha nyuma, hata baba yake aliniuliza mbona unampa vyepesi. Ila fikiria kazi anayoongezewa. Picha zimepungua, sasa anatakiwa ajichoree mwenyewe kichwani, anatakiwa akumbuke jana tuliishia wapi, huyu ni nani na yule ana undugu gani naye, na haya yote anayafanya peke yake. Ukimuwekea na maneno magumu juu yake unamvunja moyo bure. Maneno yakiwa anayajua, nguvu yake yote inaenda kwenye kuibeba hadithi.

Kwa hiyo nikishika kitabu siangalii ile "darasa la 3–4" iliyoandikwa nyuma, naangalia ndani. Sura ziwe fupi, kurasa nne tano, sita ikizidi sana, anaweza kumaliza moja kabla ya kulala. Maandishi makubwa na mistari isibanane. Picha hata ya nyeusi na nyeupe ijitokeze jitokeze njiani. Wahusika wachache na majina yao yasifanane, unakuta kitabu kina Asha, Aisha na Mwanaisha kwenye sura moja, hata mtu mzima anapotea. Hadithi iende mbele tu, isianze leo ikarudi miaka kumi nyuma ikaja tena leo. Halafu angalieni mwisho wa mistari. Vitenzi vyetu ni virefu, na kwenye vitabu vingine neno kama "hawakumwambia" linakatwa, "hawaku" inabaki juu "mwambia" inashuka chini, na nilimuona kwa macho yangu kidole kinafika ukingoni, anasimama, anashuka, anarudi tena juu kuliunganisha. Ikitokea mara moja sio mbaya, ikiwa kila baada ya mistari miwili anachoka haraka na atakwambia hadithi ni mbaya kumbe hadithi haina shida.

Kuhusu wapi pa kuvipata, sikuanza kwa kununua. Nilianza na Maktaba Kuu ya Taifa pale barabara ya Bibi Titi Mohamed, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ina sehemu ya watoto. Uzuri wake mtoto anajaribu vitabu hata kumi kwa kukaa chini tu, anavyovikataa havijakugharimu kitu, na wewe unajifunza anapenda nini. Mimi pale ndo niligundua mwanangu hadithi za wanyama wanaoongea hazitaki tena, anataka watoto wa rika lake wanaofanya mambo yao bila wakubwa kuwaingilia. Ukishajua hilo hata ukienda duka la vitabu, mfano TPH pale Samora, huhangaiki, unaenda moja kwa moja kwenye unachokitaka. Vitabu vya Kiswahili vya watoto vipo jamani, Mkuki na Nyota wanachapa, E&D Vision wanachapa, na ule Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza 1991 umesaidia vingi kuchapwa na kufika mashuleni. Vya picha ndo vingi zaidi, vya sura inabidi utafute kwa subira, na ukikiona kizuri kichukue hapo hapo maana ukisema utarudi wiki ijayo unaweza usikikute.

Kwa wenye bajeti ndogo kuna hii nyingine niliifanya na ilinisaidia kuliko nilivyotegemea. African Storybook wana hadithi za bure kwenye intaneti, za Kiswahili zipo nyingi na zimepangwa kwa levo, kuanzia za neno moja moja mpaka za aya ndefu. Nikachukua za levo ya juu zenye maisha yanayofanana na yetu, nikaprinti steshenari nyeusi na nyeupe, nikazipiga pini pamoja, kila hadithi nikaiandikia juu Sura ya Kwanza, Sura ya Pili, akachora kava mwenyewe. Hazikuwa hadithi moja inayoendelea ila zilimzoesha kitu kinene, kuweka alama alipoishia, kurudi kesho yake. Hadithi za Abunuwasi nazo zilitufaa kwa sababu hiyo hiyo, kila kisa kinajitegemea na ni kifupi ila mhusika ni yule yule, na bibi yake alishamsimulia vingi kwa mdomo kwa hiyo anakuta anamjua mtu kabla hajafungua kitabu. Mtoto aliyezoea kusimuliwa na bibi ana mtaji mkubwa sana, msidharau.

Baada ya hapo kitabu cha sura cha ukweli, na hapo sura ya kwanza nilikuwa namsomea mimi. Sura ya kwanza ndo ngumu kuliko zote, majina yote yako pale, mji uko pale, nani mtoto wa nani, nikimvusha hapo tunaongea kidogo unadhani huyu mjomba ni mtu mzuri kweli, halafu namuachia ya pili. Saa ingine ananikuta jikoni, "mama, eti yule mjomba sio mjomba wake kweli!" na mimi naacha mwiko namsikiliza. Kama amesoma sura tatu na hana hamu ya ya nne ruksa kuacha, sina ugomvi, tunabadilisha.

Vya Kiingereza navyo anasoma, ila kule ni mambo mengine, nampa vya picha bado na vya chini kabisa, na sichanganyi hizo safari mbili. Anapenda kusoma kwa sababu amejifunza kupotelea ndani ya hadithi kwa lugha anayoongea nyumbani, Kiingereza kitafuata kwa mwendo wake.

Sasa hivi amenasa kwenye upelelezi. Hapo ndo kuna mtihani, kwa sababu vingi vya Kiswahili nilivyovishika vimeandikwa kwa vijana na watu wazima, ndani kuna mauaji na mapenzi, kwa hiyo kila kimoja nakisoma mimi kwanza usiku, kizima, kabla sijampa. Kama kuna mzazi ana vya upelelezi vya watoto, Kiswahili chepesi, sura fupi, kesi ya baiskeli iliyoibiwa au kuku aliyepotea na wanaoitafuta ni watoto wa mtaani kwao, naomba mnitajie jina na mlikopatia.