Sikio Langu Hutafuta Ngoma Kwanza

Jumapili jioni nilikaa kibarazani kwa mjomba, Kirumba, upepo wa ziwani ukivuma, nikazisikiliza tena albamu mbili za panki, yaani roki ya kasi na ghadhabu, na roki ya gereji ambazo zimenishughulisha kwa majuma kadhaa. Naandika maoni yangu usiku huu huu, yangali moto.

Lipo jambo linalonikwaza katika rekodi nyingi za andagraundi, zile za nje ya soko kubwa, za miaka hii. Bendi inarekodi kwa vifaa duni kwa makusudi, inazizamisha ngoma chini ya mkwaruzo wa gitaa, kisha tunaambiwa kwamba huo ndio uhalisi. Sikubaliani hata kidogo. Roki ya gereji ilipewa jina hilo kwa sababu vijana wa Marekani wa miaka ya 1960 walifanyia mazoezi katika mabanda ya magari nyumbani kwao, nao walirekodi kwa vifaa vichache kwa kuwa ndivyo walivyomudu. The Sonics, bendi ya Tacoma, Marekani, walipotoa albamu yao ya kwanza mwaka 1965, ngoma zote ziliwekewa maikrofoni moja tu, na bado zinakupiga kifuani. Mimi nimekulia Usukumani, ambako Bagika na Bagalu, vyama viwili hasimu vya wachezaji, hushindana kwa ngoma na mchezo hadi umati uhamie upande mmoja. Ngoma ikifichwa, najiona nimenyimwa muziki wenyewe.

Kwa kipimo hicho, Cartoon Darkness, albamu ya bendi ya Amyl and the Sniffers wa Melbourne, Australia, iliyotoka mwaka 2024, inastahili heshima kuliko inayopewa na wale wanaoilaumu kwamba sauti yake imesafishwa mno. Usafi huo ndio unaoniwezesha kusikia kila pigo, na sauti ya mwimbaji wao, Amy Taylor, haijapoteza ukali wake. Mjomba, ambaye hajui Kiingereza, alinyanyua kichwa akauliza, “Mjomba, huyu binti anagombana na nani?” Nikamjibu kwamba anagombana na watu wanaotaka kumpangia maisha. Akatikisa kichwa, akasema, “Basi aendelee.” Nyimbo za taratibu ndizo ambazo bado hazijaniingia.

Hata hivyo, moyo wangu uko kwa Super Snõõper ya mwaka 2023, kazi ya Snõõper, bendi ya Nashville, mji tunaoujua zaidi kwa muziki wa kantri. Nyimbo 14 zinakwisha kabla nusu saa haijatimia. Mara ya kwanza nilidhani ni haraka tupu, lakini kila nilivyorudia ndivyo nilivyozidi kuona kwamba haraka hiyo imepimwa: ngoma hazitetereki, na gitaa linadondoka juu yake kama mvua ya mawe juu ya bati. Wimbo wa mwisho ni mrefu kuliko zote, na humo bendi inarudia mdundo mmoja bila kuuchoka, kama wapigaji wetu wanavyoushikilia mdundo mpaka wachezaji wapandwe na mori. Ulipofika hapo mjomba aliacha kuzungumza, akaanza kuufuatisha kwa vidole juu ya kigoda. Ulipokwisha, akaniomba niurudishe mwanzo.