Maji Yako Wapi Saa Hizi

Jumamosi, saa tano usiku

Wiki hii zamu ni yangu. Kwa asiyeijua kazi hii: mwalimu wa zamu huamka kabla ya wanafunzi, husimama mstarini, huhesabu vichwa, huonja uji, hupita mabwenini, kisha usiku huandika kitabuni kwamba siku imekwisha salama. Kitabu kiko hapa mezani. Nimejaza idadi, nimejaza wagonjwa wawili, nimejaza chakula (maharage yalikuwa na mchanga, hilo sikuliandika). Imebaki safu ya makosa. Na chini ya meza kuna mfuko wenye sketi moja ya bluu.

Asubuhi tulifanya ukaguzi. Matroni akigeuza magodoro, mimi nikifungua matranka. Tukapata simu moja ndani ya kopo la maziwa, kichupa cha mkorogo, na karanga za kutosha kufungua genge. Mambo ya kila muhula. Sketi isingeonekana na mtu mwingine yeyote, ila matroni wetu alikuwa fundi cherehani ujanani, na jicho lake likiona nguo hukimbilia pindoni. Akaigeuza. Kwa ndani, juu kidogo ya mshono, kulikuwa na herufi nyeupe zilizodariziwa kwa mkono, ndogo, zimenyooka kama jina la kanga: KWETU KIGOMBE.

Basi. Jina la kijiji cha pwani tu. Hakuna tusi, hakuna jina la mvulana. Matroni akanipa ile sketi kwa vidole viwili, kama mtu anayekabidhi panya. “Sare haiandikwi, Mwalimu,” akasema. Na ni kweli, sheria za shule zinasema hivyo.

Mwenyewe ni wa kidato cha pili. Nilimuuliza amemwandikia nani. Akaangalia sakafu. “Hakuna, Mwalimu. Ni kwa ndani.”

Tangu saa hiyo namfikiria mjomba wangu.

Mjomba alifungwa 1994, mimi nikiwa darasa la tano. Ilikuwa kesi ya mali za stoo aliyokuwa akiitunza. Mpaka leo sijui kama alichukua au alibebeshwa, na nyumbani kwetu Sahare hilo ni swali ambalo halijapata kuulizwa kwa sauti. Alihukumiwa miaka 6. Walimkalisha hapa Tanga kwa muda, kisha wakampandisha karandinga na kumpeleka gereza la bara, mbali na bahari kiasi kwamba hata chumvi ilikuwa ya kuletwa kwa lori. Mtu aliyezaliwa akisikia mawimbi, baba yake mvuvi, babu yake mvuvi.

Barua yake ya kwanza ilikuja baada ya miezi mitatu. Ilianza kama barua zote za zamani, mimi ni mzima, hofu ni kwenu mlio mbali na upeo wa macho yangu. Akauliza hali ya bibi, akauliza paa. Mwishoni akaandika sentensi iliyonihusu mimi: “Mwambie huyo mtoto aende pwani Jumanne saa nne, aniandikie maji yako wapi.”

Nikaenda. Nilikuwa na miaka kumi na moja na hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya maana niliyopewa. Niliandika kwa peni ya bluu: maji yametoka mpaka nje ya mikoko, matope yanaonekana, kina mama wanachokoa pweza, dau la jirani limelala ubavu. Baba akatia barua posta.

Wa bara watanisamehe nikieleza. Huku kwetu mwezi ukiandama, na tena ukipevuka, ndipo bahari hufanya bamvua: hujaa kupita kiasi na hutoka kupita kiasi. Kati ya bamvua na bamvua ni maji mafu, bahari inajivuta tu kama mtu mwenye homa. Kila siku maji huchelewa kwa karibu dakika 50 kuliko jana. Na pwani hii ya Tanga siku za bamvua zina saa zake: maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Mtu akiujua mwezi ni wa ngapi anaweza kukaa Tabora akakwambia Sahare kukoje.

Sasa gerezani barua husomwa, inayotoka na inayoingia. Afande aliyekuwa akizisoma alikuwa mtu wa bara kabisa, bahari ameiona kwenye ramani. Akakuta humo: saa nne yametoka, saa kumi yamejaa, Jumanne njia nyeupe mpaka kwenye mikoko. Akili ya askari ikamwambia hii ni mipango ya kutoroka. Mjomba akaitwa, akachuchumaa mbele ya meza kama inavyotakiwa, akaulizwa maji ni nani.

Hapo mjomba alipokuwa akisimulia alikuwa lazima asimame na kuigiza sauti zote mbili. Alimweleza afande mwezi mwandamo na mwezi mpevu, akachora sakafuni kwa kidole. Yule bwana akasikiliza, akanyamaza, kisha akauliza: “Sasa yakitoka yanakwenda wapi?” Mjomba anasema maishani mwake hajapata kuulizwa swali gumu kama lile. Hakuwa na jibu. Barua akapewa. Na baada ya hapo, ikitokea afande anapita karibu na gengi la shamba kwenye saa nne, alikuwa akimtupia neno bila kugeuza shingo: “Mzee, yametoka?” Mjomba naye, jembe mkononi, “Bado, afande, leo maji mafu.”

Nililipenda jambo hilo kuliko yote aliyosimulia, na nadhani ni kwa sababu ya afande. Mfungwa kuwa na siri yake ya kumshikilia, hilo tunalitarajia. Lakini yule mwenye kombati na funguo naye alikuwa na kitu alichotaka kukijua, na mahali pale hapakuwa na safu ya kukiandika.

Januari 1997 nikaenda kidato cha kwanza, shule ya bweni huko milimani. Kazi ya pwani nikamwachia mdogo wangu. Mimi nikapewa namba. Nikanyolewa. Nikalala kitanda cha juu katika bweni lililonuka mafuta ya taa na soksi, na wiki ya pili nikamwandikia mjomba barua ndefu ya kujililia, nikamalizia: hapa ni jela tu, tunafanana mimi na wewe.

Jibu lilikuwa mistari minne. “Mwanangu, usiseme hivyo tena. Desemba wewe unarudi kwa mama yako. Na ukitaka kulia unaweza kulia mtu akakuona.” Sikumwelewa. Nilikasirika hata. Nikisikia sasa wanafunzi wangu wakisema shule ni jela, na husema kila siku, wengine wamekwisha kuandika kwenye madawati, huwa nataka kuwasomea ile mistari minne. Halafu nakumbuka kwamba mimi ndiye ninayewahesabu, nanyamaza.

Ila kengele ilikuwa moja. Kule kwake na kule kwangu ilikuwa kipande cha reli kimening'inizwa kwenye mti, kinagongwa kwa nondo. Aliponiambia nilicheka. Hapa nilipo sasa pia ni reli, kwenye mwarobaini nyuma ya jiko. Tanga ina haki ya kuwa na vipande vya reli: Wajerumani walianza kuitandika hapa 1893, ikafika Moshi 1911. Shule yao ya serikali ilikuwa imetangulia kidogo, 1892, na ilitaka vijana wa kuwa makarani na maakida, wenye mwandiko safi, wasio na maswali mengi. Sisemi kwa kulaumu, maana mwandiko wenyewe ndio ninaokula nao. Nasema tu kwamba reli na daftari la mahudhurio vilifika kwetu karibu pamoja, na bado vinalia pamoja saa kumi na moja alfajiri.

Juzi tulikuwa tukisoma habari za Shaaban Robert na kidato cha tatu. Mzaliwa wa Vibambani, hapa hapa, 1909. Tangu 1926 alikuwa karani wa forodha, akajaza vitabu vya serikali ya Mwingereza miaka na miaka. Kijana mmoja wa nyuma akauliza, “Sasa mashairi aliyaandika saa ngapi?” Darasa likacheka. Nikajibu jibu la mwalimu, kwamba alikuwa na bidii. Jibu bovu. Swali lilikuwa zuri sana na ningelitafuna kipindi kizima.

Narudi kwa mjomba. Mwishoni mwa 1997 zikaja zile mvua za El Niño, barabara zikakatika, barua zikasimama. Katikati ya 1998 akatoka, baada ya kupunguziwa theluthi ya kifungo kama ilivyo sheria. Aliporudi alikuwa mtu wa kusubiri. Akifika mlangoni anasimama, mpaka mtu amwambie pita. Siku mjumbe wa nyumba kumi alipokuja kumpa pole, mjomba alichuchumaa ukutani kabla hajajijua, na mama yangu akaenda jikoni akakaa huko muda mrefu.

Usiku mmoja tukiwa tunakula, akamwangalia mdogo wangu akaanza kucheka. “Huyu alikuwa akiniletea bahari ya uongo.” Ikabainika kwamba yule mtoto tangu nilipoondoka hakwenda pwani hata mara moja. Alikuwa akikaa barazani anabuni: maji yamejaa, mawimbi makubwa, nimeona papa. Mjomba alimgundua kwenye barua ya kwanza. Mwezi ulikuwa wa siku ya saba, maji mafu, yeye anaandika bamvua.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano na niliona kasoro. “Kumbe ulikuwa ukijua?”

“Nijue nini?”

“Maji yako wapi. Ulikuwa unahesabu mwenyewe.”

Akaokota mwiba wa samaki mdomoni, akauweka ukingoni mwa sahani. “Mwezi nilikuwa nauona. Sikuwa nakutuma kwa ajili ya maji.” Akaomba pilipili.

Alifariki 2011. Kwa nini alinituma, nimejipa majibu matatu au manne kwa miaka tofauti, na kila jibu lilinitosha kwa umri ule.

Kuna jambo jingine ambalo sikupanga kuliandika. Mwaka wangu wa pili wa kazi, kwenye shule nyingine, nilimnyang'anya kijana daftari. Badala ya kuandika fizikia alikuwa akichora mabasi. Mabasi tu, kwa ubavu, kila dirisha na mtu wake, na hakuna watu wawili waliofanana. Nikamwambia atalipata mwisho wa muhula, nikalitia kabati la ofisi ya walimu. Mwisho wa muhula nikasahau. Nilipolikumbuka mchwa walikuwa wamelila kutoka katikati kwenda nje, likabaki kama fremu. Alipokuja kuliulizia nilimwambia limepotea. “Sawa, Mwalimu,” akasema, wala hakukunja uso. Sijui kama alichora tena. Yule kijana hakufanya fujo yoyote, na pengine ndiyo sababu mambo yale yalikuwa rahisi kwangu.

Kosa la sketi, kwa desturi ya hapa, linaweza kufika kwenye fimbo. Kanuni za 2002 zinataka viboko visizidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule, viandikwe kitabuni, na binti achapwe na mwalimu wa kike. Maana yake, Jumatatu, mimi.

Jioni baada ya hesabu nilimwita. Alikuja amevaa sketi ya kuazima, inampwaya, kiuno amekishika kwa mkono. Akanisalimu shikamoo, akasimama wima, macho ukutani, tayari kwa lolote. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kiutu uzima kuhusu sare na usawa wa wanafunzi. Mdomo ukatoa kitu kingine.

“Kigombe maji yakitoka yanafika wapi?”

Akanitazama kuona kama ni mtego.

“Inategemea, Mwalimu. Kama ni bamvua unatembea mpaka kwenye mwamba, bibi anakwenda na ndoo, anarudi imejaa. Kama maji mafu hata kwenda hakuna haja.” Mkono mmoja ulikuwa umeachia kiuno, unaonyesha mwamba uliko, na ulikuwa upande wa kusini kweli. “Kwani leo mwezi wa ngapi?”

Sikuwa na jibu. Mimi niliyekuwa nikitumwa pwani kila Jumanne, nimeishi kilomita mbili kutoka baharini miaka yote hii nikitazama saa ya ukutani.

Akaanza kuhesabu kwa vidole, midomo ikitembea, akarudi nyuma, akaanza upya. Sketi ikateleza kidogo, akaidaka.

“Leo mafu,” akasema. “Subiri Alhamisi.”